Mkilua wa Bi Shemsa

Hitima ya Bi Shemsa ilipokwisha, mwezi uliopita, wanawake tulibaki mikekani tukinywa kahawa, na binti mmoja nisiyemjua akanigeukia akaniuliza kwa adabu, "Na wewe, mama, marehemu alikuwa nani wako?" Hakuwa mama yangu, wala khaloo upande wa mama, wala somo. Hatukuchangia damu hata tone. Nikamjibu, "Nilikaa kwake mwaka mmoja nilipokuwa msichana," naye akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba niliwahi kupanga chumba pale, kisha akamgeukia mwengine. Sikumlaumu. Mwaka mmoja ni kitu gani katika umri wa mtu kama mimi, niliyesomesha watoto na baadaye nikawasomesha watoto wa watoto hao? Lakini tangu siku hiyo, nikikaa peke yangu baada ya alasiri, ni ule mwaka unaonijia, si miaka mingine iliyojaa harusi na safari na maradhi. Na unanijia kwa vyumba vyake na vyakula vyake, na kwa sauti za watu waliokuwa wakizungumza upande wa pili wa mlango.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza shule, nangojea kuitwa chuo cha ualimu. Sababu za kupelekwa kwa Bi Shemsa zilikuwa za watu wazima wa wakati huo, na nitawaachia wenyewe. Yeye alikuwa mjane asiye na mtoto, mwanamke mrefu, mweupe wa meno, mwenye mazoea ya kukaa kimya mpaka ukafikiri hakukusikia, kisha akajibu. Nyumba yake ilikuwa ndani ya Mji wa Kale, katika kichochoro ambacho mkokoteni ukipita, watu hujibandika ukutani. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu wenye giza la kupumzisha macho, halafu chumba chake, chenye kitanda cha kupandia kwa kigoda na kasha la mbao nzito lenye misumari ya shaba, halafu jiko. Na mlango wa jiko wafungukia kiwanja kidogo cha ndani, kilichobanwa na kuta za majirani kila upande. Pale uani ndipo palipokuwa na kazi yake. Palikuwa na asumini iliyotambaa juu ya kamba, rehani ndani ya makopo ya samli, na pembeni kabisa, mbali na kamba ya nguo, palikuwa na mkilua.

Asiyeujua mkilua atapita mbele yake asiuone. Ni kichaka tu, kimemzidi mtu urefu kidogo, majani yake mazito yang'aayo. Maua yake, ndiyo vilua, hayajitokezi kwa mtu. Huning'inia chini ya majani, nayo ni ya kijani kama majani yenyewe, hata mgeni anaweza kusimama hapo akaapa kwamba mti hauna kitu. Kisha kilua huanza kugeuka manjano taratibu, na hapo ndipo hutoa ile harufu ambayo wanawake wa kwetu huitia katika nguo zao na nywele zao, harufu nzito tamu, inayomtangulia mtu ukumbini na kubaki baada yake. Bi Shemsa alichanganya vilua na asumini na majani ya rehani, akavifunga kwa uzi vikawa vikuba, vya kubandika kifuani au penye songo la nywele. Bibi harusi wa mitaa ile hakuhesabiwa amepambwa mpaka avae kikuba cha Bi Shemsa. Mti wenyewe aliuleta marehemu mumewe, Mzee Athmani, fundi wa injini za mashua za uvuvi pale Liwatoni, wakati wangali wapya katika ndoa. Aliutoa upande wa kwao Kwale, mche uliotia mizizi ndani ya kopo la maziwa, akaupakata njia nzima.

Mwaka nilioingia mimi mkilua ulikuwa mgonjwa. Jirani wa nyuma alikuwa amekata mkungu wake, mti mkubwa wa matawi mapana, ili ajenge ghorofa, na kivuli chote kikaondoka na mkungu. Jua la adhuhuri likashuka pale uani bila kizuizi, na majani ya mkilua yakaungua kingo kama karatasi. "Huu ni mti wa msituni," Bi Shemsa aliniambia siku yangu ya pili, ameniwekea mkononi kamba na makuti. "Wataka kichwa kivulini na miguu baridi." Tukaufungia paa la makuti juu ya vijiti. Tukakusanya majani makavu, tukayatandaza mazito juu ya mizizi, tukayalowesha. Maji ya kisima cha mtaani yalikuwa na chumvi, kwa hiyo ilinibidi niwahi bomba asubuhi kabla halijakauka, na maji ya kuoshea mchele hayakumwagwa kamwe. Yote yalikwenda mkiluani. Mwanzoni niliona ni upuuzi, kunyimwa maji ya kuogea kwa ajili ya kichaka. Baada ya muda nikajikuta, nikiamka, kabla sijanawa uso, nimeshatoka uani kuangalia kama kuna jani jipya. Siku moja lilikuwepo, jekundu-jekundu na laini kama sikio la mtoto, nikapiga kelele hata Bi Shemsa akatoka jikoni na upawa mkononi.

Yale maua machache yaliyokuwepo ndiyo niliyosomea. Kila alasiri aliniita, "Ndoo hapa, Salma. Nusa hiki. Wakionaje?"

"Kizuri."

"Kizuri si jawabu. Kizuri vipi?"

Nikanusa tena. "Chanukia jani. Kama bado hakijaamua."

"Basi kiache. Na hiki?"

"Hiki ndicho. Chanukia kama ndizi iliyoiva sana, halafu kwa nyuma kuna karafuu."

Ndipo alipokikata, kwa ukucha wa kidole gumba, akakilaza juu ya jani la mgomba. Akaendelea hivyo na asumini, na rehani, na udi alioletewa na wachuuzi, na samaki, na maziwa: nusa, sema. Sikuwahi katika maisha yangu kuulizwa rai yangu na mtu mzima mara nyingi namna ile. Nilijiona nimechaguliwa. Usiku nilipokuwa nikilala nilijinusa viganja vya mikono, nikajiambia kwamba huyu mwanamke anitia katika fani yake, na kwamba labda nina kipawa.

Palikuwa na mambo mengine, lakini sikuyaunganisha. Chai ya maziwa yaliyochacha aliyomwekea mgeni, na mgeni akainywa kwa heshima. Siku tuliyokwenda Changamwe kumtazama mgonjwa, kwa gari la ami yangu. Wakati huo Kibarani palikuwa bado ni jaa la mji mzima, na moshi wake ulivuka barabara kabla hujafika Makupa. Ami akafunga vioo, mimi nikajiziba uso kwa leso, macho yakanitoka machozi. Bi Shemsa, kiti cha mbele, aliendelea kumsimulia ami jinsi nazi kongwe inavyokunwa ili isitoe machicha kwenye tui, akavuta pumzi ndefu kati ya maneno, uso umetulia. Ami alinipigia mfano wa adabu ile kwa miezi. "Umemwona Bi Shemsa? Hakukunja hata pua. Hao ndio wanawake waliolelewa."

Kisha siku moja kabla ya Ramadhani nilitumwa nyumba ya tatu kutoka yetu, kwa Bi Nuru, kurudisha sinia. Nilikuta pazia limeteremshwa na wanawake wako ndani, wanachambua mchele. Nilikuwa karibu kupiga hodi niliposikia jina.

"Vikuba vya Bi Shemsa vilikuwa vimekwisha, nyie. Harusi ile ya mwaka jana nilinusa mpaka nusura niuvute uzi puani."

Wakacheka. Sauti ya Bi Nuru ikasema, "Lakini vimerudi. Tangu kuja yule msichana, vimerudi."

"Kwani msichana yuwafanya nini?"

"Sijui. Yuwasaidia kufunga, labda."

Nilisimama na sinia langu. Nilipiga hodi, nikaamkia, nikaitikiwa, nikala kipande cha mkate wa sinia nilichopewa bila kujua ninachokula. Nikatoka. Na nilipoufungua mlango wetu wa mbele, moshi mchungu wa mbaazi zinazoungua ulinipokea ukumbini. Nilikimbia mpaka jikoni. Bi Shemsa alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi, mgongo wake karibu ugusane na jiko la makaa, na sufuria ya mbaazi iko nyuma yake, imefunikwa. Alikuwa akijiimbia polepole.

"Bi Shemsa, mbaazi zaungua."

Aligeuka akaitazama sufuria. Akanitazama mimi. Akainua mfuniko kwa ncha ya leso, na moshi ukampiga usoni, akapepesa macho tu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Nimeisikia harufu tangu mlango wa mbele."

Akaiteremsha sufuria, akaiweka chini, akakaa tena. "Basi umejua," akasema.

Alinieleza huku akichambua zile mbaazi za juu ambazo hazijaungua, maana hakuwa mtu wa kutupa chakula. Ilikuwa ni homa, mwaka kabla sijaja. Kila kitu kilipona, pua haikurudi. Alijiambia itarudi mwezi ujao, na mwezi ujao akajiambia vivyo hivyo. Nilimuuliza kama alikwenda hospitali. "Nilikwenda. Daktari aliniambia nishukuru si macho." Akachota upawa mwengine. "Nikashukuru. Lakini kazi yangu haikuwa ya macho."

Aliponawa mikono aliniambia nimfuate chumbani. Alifungua kasha, akatoa kutoka chini kabisa kitu kilichofungwa ndani ya shuka nyeupe, akakifungua juu ya kitanda. Ilikuwa kanzu ya mwanamume, imekunjika, kola yake ina mstari mweusi wa jasho.

"Hii sikuifua," akasema. "Kila Ijumaa nilikuwa nikiifungua. Baada ya homa nikaifungua, nikaona haina kitu. Nikasema basi, nguo imechoka, harufu imekwisha. Nililia siku ile kuliko siku aliyozikwa. Kumbe ni mimi. Lakini tangu hapo sijampa mtu ainuse, kwa sababu akiniambia haina kitu, itakuwa kweli." Akanisogezea. "Nusa. Usinifurahishe. Sema kilichoko."

Niliinama. Kwanza niliona kafuri tu, na mbao za kasha. Nilitaka kuinua kichwa niseme uongo mzuri, lakini nilikuwa nimesomeshwa kungoja. Nikangoja. "Kuna dizeli," nikasema. "Kidogo, mikononi." Kazi ya mumewe niliijua, hata mpumbavu angesema dizeli. Nikasogea penye mfuko wa kifuani. "Na hapa... hapa kuna tumbako."

"Sema tena."

"Tumbako. Ya zamani, lakini ni tumbako."

Bi Shemsa alikaa kitandani kwa kishindo, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio, na mabega yakawa yanatikisika, na sikujua tena kama bado ni kicheko. "Aliniapia ameacha," akasema hatimaye. "Aliniapia mbele ya ndugu zake. Miaka na miaka akinificha, anavuta Liwatoni, anatafuna iliki mpaka mlangoni. Mimi! Mwenye pua ile! Nikanyamaza, maana alifurahi sana kwamba sijui." Akaichukua kanzu, akaikumbatia kama ilivyo. "Yupo, basi. Alhamdulillahi, yupo."

Tangu hapo tuliishi na siri hiyo wawili. Nilimwambia angewaeleza wenzake, ni maradhi kama maradhi mengine, akatikisa kichwa. "Mshonaji asiyeona, weye utampa kitambaa chako cha harusi?" Na sitaficha kwamba nilipenda. Ilikuwa ni kitu kikubwa kwa msichana wa umri ule kuhitajiwa kila saa. Nilinusa maziwa asubuhi, samaki mchana, maua alasiri. Alinipikia nilivyovipenda, samaki wa kupaka na wali uliowekwa iliki nzima-nzima, ingawa yeye, nilielewa sasa, alikula kama mtu atimizaye wajibu. Mara nyengine aliniambia nimweleze chakula nikila, nami nikamweleza, naye akafumba macho.

Mvua za masika zilianza mapema. Ziliingia uani na sauti kubwa, zikang'oa nusu ya makuti yetu, na mkilua ukazipokea kama uliokuwa ukizingoja tangu jirani akate mkungu. Majani yakajaa. Halafu, asubuhi moja, nilipoinua tawi, niliona vitumba vimejipanga chini yake, na tawi la pili, na la tatu. Bi Shemsa aliinua mkono akavipapasa kimoja kimoja kwa vidole. "Hata Athmani hakuwahi kuviona vingi namna hii," akasema. Habari kama hiyo haikai ndani ya nyumba. Wiki ile ile akaja Bi Nuru na binti zake, akakaa ukumbini, akazungumza juu ya mvua na wagonjwa kwa adabu zote, kisha akafika alikokusudia. Mwanawe mkubwa ataolewa. Alhamisi ya wiki ya pili ndiyo siku ya kupamba. "Nataka vilua, Bi Shemsa. Si asumini tupu. Nataka mwanangu akiingia, wajue hata walioko nje."

"Inshallah," akasema Bi Shemsa, na akanitupia jicho, haraka sana.

Baada ya hapo nikaitwa kwenye usaili wa chuo. Ulikuwa ng'ambo ya kivuko, siku nzima. Alhamisi hiyo hiyo. Vilua haviwezi kuchumwa jana yake, maana kikilala kimekatwa hupoteza nusu ya harufu, na miongoni mwa vile vya manjano kuna vilivyokwisha na kuna ambavyo havijaanza, na jicho haliwezi kuvitenga. Nilifikiri jambo hilo njia nzima ya kutoka posta, na nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshakata shauri. Sikusema kitu. Lakini Jumanne akaja ami, akasimama mlangoni, akauliza anifuate saa ngapi. Alipoondoka, Bi Shemsa alinikuta uani, ninaokota majani.

"Una safari Alhamisi?"

"Sendi."

"Kwa nini hwendi?"

Nikaonyesha mti kwa kidevu. "Mwaka ujao watasaili tena."

"Na mwaka ujao huu hautachanua?"

Akakaa juu ya kigoda akanitazama, kwa ule ukimya wake mrefu. "Mwaka ujao kuna harusi nyengine, Salma. Na wa baadaye nyengine. Utakaa hapa unanusa, mpaka siku moja utaniona mimi ndiye niliyekula ujana wako. Na itakuwa kweli."

"Utafanyaje na vilua?"

"Hilo langu."

"Bi Nuru ataona—"

"Nimesema langu." Hakupandisha sauti. "Nenda kafue buibui lako. Mimi n'talipiga pasi."

Alhamisi asubuhi alinipa mahamri na mbaazi, akasimama nyuma yangu akinitengeneza mtandio kana kwamba bibi harusi ni mimi. Kule usailini niliulizwa kwa nini nataka kuwa mwalimu, nikajibu nilivyojibu. Moyo wangu ulikuwa uani. Nilimwona peke yake chini ya makuti, anakata kwa kubahatisha. Nilimwona Bi Nuru ananusa kikuba na kukirudisha sahanini bila kusema neno. Niliporudi, alasiri imeshaadhiniwa kitambo, nilikipita kichochoro kile mbiombio, na kabla sijafika mlangoni nikasikia makelele. Vilikuwa vicheko vya wanawake, vinatoka uani kwetu.

Nilisimama mlango wa jiko. Bi Nuru alikuwa amepiga magoti chini ya mkilua, hana buibui, majani yamemwingia nyweleni, kichwa chote kimo ndani ya tawi. Binti zake wawili walikuwa upande wa pili, wanagombania kilua kimoja. "Hiki bado!" "Kimefika, wewe una mafua!" Mama yake Bi Nuru, kikongwe, amewekwa kitini penye kivuli, na kila kilichokatwa kilipelekwa kwake, akakinusa kwa makini, akasema ndiyo au la, na vya ndiyo vikaenda kwa Bi Shemsa, aliyekaa katikati na uzi na sinia, vidole vinakwenda mbio. Binti mdogo wa Bi Nuru akamsogezea kilua puani kwa mazoea. "Bi Shemsa, na hiki?"

"Mimi niletee cha kufunga," akasema. "Cha kunusa mpe nyanyako."

Wakacheka tena, naye akacheka nao. Hakuna aliyeniona kwa muda. Nilikuwa nimekuja mbio kuokoa jambo ambalo halikuwa limenihitaji, na nitasema kweli, lilinichoma kidogo. Halafu Bi Nuru akachomoza kichwa kutoka majanini, akaniambia, "Salma, usisimame kama mgeni, mwanangu, leta sinia la pili."

Chuo kilinichukua, na muhula ulipofunguliwa niliondoka. Nilirudi kila likizo, na kila mara nilikuta wasichana wengine uani, wa Bi Nuru na wa majirani, na sauti ya Bi Shemsa ikiwauliza: vipi? nzuri vipi? Hakuificha tena habari ya pua yake, wala watu hawakuizungumza ila kwa utani. Bibi harusi wa siku ile aliingia ukumbini na walioko nje wakajua.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni saa ile baada ya wao kuondoka na masinia yao, kabla ya magharibi, tunafagia majani mimi na yeye. Mkilua ulikuwa umebaki kijani mtupu.

"Uliwaambia," nikasema.

"Niliwaambia."

"Ulisemaje?"

"Nilisema pua yangu imekufa, mti umejaa, na harusi ni yenu."

"Na Bi Nuru akasemaje?"

Aliuegemeza ufagio ukutani. "Alisimama. Nami nikasema moyoni, haya, sasa ataondoka aende kwa mwengine." Akatazama mti. "Kisha akavua buibui akalitundika pale kwenye kamba, akaniuliza, 'Tuanzie upande gani?'"